Uso Usiobana

Likizo ya Desemba, mtoto wa dada yangu alikuja kukaa nami Dar. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, anasoma bweni. Asubuhi ya tatu nikamkuta uani ameinamia beseni. Pembeni yake pana kipande cha sabuni ya mche, ile ninayofulia, nusu ya ndimu iliyokwisha kukamuliwa, na kisahani cha magadi aliyoyachota jikoni kwangu, yale ninayotia kwenye maharage.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naosha uso, mama mdogo. Hizi chunusi zimenichosha."

Akachukua taulo akajifuta kwa nguvu zake zote, mashavu yakivutika huku na huku. Alipoliondoa, ngozi ilikuwa inang'aa kama meza iliyopigwa vanishi, na vile vichwa vya chunusi vimechubuka, vina unyevu. Akapapasa shavu, akatabasamu.

"Sasa nimetakata. Nausikia umebana."

Sikumgombeza. Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake, maana neno hilo nililiamini mwenyewe miaka mingi. Uso ukibana, umesafika. Tumekua nalo, tumeambizana bwenini na saluni, na wala si kweli. Natamani limtoke kila binti kichwani, ndiyo sababu nimeandika marefu yote haya juu ya kitu kidogo kama unga wa kunawia uso.

Ngozi ya juu ya uso ni mfano wa paa la makuti. Seli zilizokauka zimelaliana bapa, moja juu ya nyingine, na katikati yake pana mafuta yanayozishika. Paa likiwa zima, mvua haipenyi, wala unyevu wa ndani hautoki. Sabuni kali inapopita haichagui. Inaondoa jasho na vumbi, na inakwenda pia na yale mafuta ya katikati ya makuti. Hapo unyevu huanza kutoroka, makuti yakajikunja, na huko kujikunja ndiko tunakokusikia tukasema uso umebana. Paa linavuja, nasi tunashangilia.

Juu ya paa hilo ngozi imejivika kitu kingine. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Ujerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliandika kwamba ngozi kwa juu ina asidi kidogo, nao wakaliita hilo joho la asidi. Kwa kipimo cha pH, ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake ni kinyume cha asidi, ngozi yenye afya huwa karibu na 5. Sabuni ya kipande, iwe ya kufulia au ya kuogea, ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda, na pH yake huwa 9 hadi 10. Kipimo hicho huenda kwa mara kumi kumi kila namba, kwa hiyo toka 5 hadi 9 ni tofauti ya mara 10,000. Ngozi nzima hulirudisha joho lake baada ya saa kadhaa. Lakini binti anayenawa mara nne kwa siku, kila mara kwa sabuni, haipi hata nafasi ya kulivaa.

Na magadi? Magadi yako huko huko kwenye 10. Ndimu iko upande wa pili, karibu na 2. Mwanangu alikuwa amevichanganya akaona povu linafoka, akadhani ni dawa inafanya kazi. Povu lile ni gesi tu inayotoka pale asidi na magadi vinapokutana, na kilichobaki kwenye kiganja hakina faida yoyote usoni.

Ndimu naijua kwa kovu. Nilikuwa na miaka 19, tuna harusi ya binti ami yangu, nami nataka nionekane nimetakata kuliko wote. Mchana nikajipaka maji ya ndimu mashavuni na taya nzima, halafu nikatoka pwani na wenzangu kuchukua samaki. Jua la saa saba. Usiku ngozi ikaanza kuwaka, kesho yake pakafura malengelenge, na yalipokauka pakabaki mchirizi mweusi toka shavuni hadi chini ya kidevu, kama alama ya tone la maji lililoteremka. Harusini nilikaa nyuma, nimejifunika ushungi mpaka puani. Mchirizi ule ulichukua zaidi ya mwaka kufifia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ndimu ina vitu viitwavyo furanokumarini, ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Mchirizi ulikuwa pale pale maji yalipopita, haukukosea hata sentimita moja.

Hili la weusi ndilo ninalotaka wasomaji wangu walishike. Ngozi yetu nyeusi ikichokozwa, hujibu kwa weusi. Ukiiunguza, ukiichuna, ukiikwaruza, ukitumbua chunusi, inamwaga melanini, ile rangi yake nyeusi, pale penye kidonda, na doa hukaa miezi. Mtu mweupe akijisugua kupita kiasi atawiva siku mbili, basi. Sisi tunabaki na madoa. Sasa tazama njia binti anayopita: ana chunusi tatu, anazisugua kwa sabuni na ndimu, chunusi zinakwisha lakini zinaacha madoa tisa, na madoa ndiyo yanayompeleka dukani kuulizia kitu cha kung'arisha. Pale kaunta anauziwa mkorogo. Mimi nimewasikiliza wanawake wengi waliochubuka, na karibu wote hadithi yao inaanzia kwenye kuondoa madoa. Wachache sana waliniambia walitaka weupe tangu mwanzo.

Na mkorogo si mchezo. Krimu nyingi za aina hiyo zina zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini, lakini pia huingia mwilini na kuharibu figo, na mama akiitumia humfikia hata mtoto wa tumboni. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013 uliweka kwamba vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viondoke sokoni kufikia 2020. Kwetu Tanzania vitu vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na Bara kazi ya kuvisimamia iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Bado vinauzwa. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kunawa uso taratibu, moyoni mwangu nazungumza juu ya lile doa la kwanza.

Bibi mzaa mama alikuwa somo, Pangani. Mabinti wakikaribia kuolewa waliletwa kwake, akawafunda, akawasinga. Chumbani kwake, chini ya dirisha, palikuwa na msio, kipande cha jiwe la matumbawe kilichochimbika katikati kwa kusagiwa miaka na miaka. Nilipewa kazi ya kushika bakuli. Anachukua kipande cha liwa, ule mti wenye harufu nzuri, anadondosha maji ya waridi juu ya jiwe, kisha anazungusha kipande kile polepole, mkono mmoja, bila kukandamiza. Mlio wake naukumbuka hata leo, kama mtu anayenong'ona. Baada ya muda linatoka rojo laini, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na chumba kizima kinabadilika harufu. Liwa ile ilikwenda kuchanganywa na vitu vya singo: asumini, mlangilangi, waridi, mpachori, karafuu, manjano, kila kitu kwa kiasi chake. Ufukwe huu wote una mambo ya namna hiyo. Ukishuka hadi Msumbiji, wanawake wa Kimakua hujipaka usoni mussiro, rojo jeupe la mti nalo husagwa juu ya jiwe kwa maji.

Siku hizi singo inauzwa kwenye vikopo na watu wanaitumia kunawia uso kila asubuhi. Bibi asingekubali. Singo ilikuwa ya mwili, ya siku za harusi, na ina karafuu ndani, ambayo kwenye ngozi ya uso huwasha. Uso wa kila siku ulikuwa na chake, tena cha kawaida mno kiasi kwamba hakuna aliyekipa jina: unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliochekechwa kwa kitambaa cha shashi mpaka ukawa kama poda. Majirani zetu Wahindi nao walikuwa na ubtan yao ya unga huo huo na manjano, na sijui nani alimfundisha nani pale mtaani. Bibi alichota kijiko kiganjani, akakilowesha, akapitisha usoni kwa ncha za vidole kama anayempangusa mtoto machozi. Nikimuiga kwa nguvu, ananishika mkono. "Uso haukwanguliwi, mjukuu wangu. Si sufuria lile."

Nilipoanza kujitengenezea mwenyewe, ukubwani, sikuyafuata ya bibi. Nilifuata video. Nikasaga oti, nikatia tui la nazi, asali, na alovera, nikapata kitu kizito cha kupendeza, nikakijaza kwenye chupa na kukiweka kwenye friji. Siku ya kwanza uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Siku ya tatu umeme ukakatika usiku kucha. Ya nne nikafungua chupa nikasikia harufu ya kuchachuka, nikajiambia hiyo ni asali tu, nikajipaka. Nilipata upele wa usaha kidevuni na kwenye paji, wiki mbili. Kosa lilikuwa langu na nilijifunza.

Palipo na maji na chakula, vijidudu hualikwa. Tui ni chakula, oti ni chakula, alovera ni maji matupu. Krimu za kiwandani zina vihifadhi vya kuzuia hilo, za jikoni hazina. Watu husema asali haiozi, na ni kweli ikiwa peke yake, kwa kuwa maji yake ni machache, karibu asilimia 18, tena yameshikwa na sukari. Ukiichanganya na tui umeyaongeza maji, na ule ulinzi wake umekwisha. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Alihifadhi kikavu, akalowesha kiganjani. Hakuwa na friji, wala hakuhitaji.

Basi unga wangu wa sasa ni huu. Oti kavu sehemu mbili, unga wa dengu sehemu moja. Mimi hutumia vikombe viwili kwa kimoja, hunitosha miezi miwili na hubaki wa kugawa. Kwa kikombe kimoja cha mchanganyiko natia kijiko kimoja cha chakula cha waridi lililokaushwa na kusagwa. Basi. Hakuna kingine.

Oti ziwe zile kavu bapa za uji, zisizo na sukari, maziwa wala ladha ya vanila. Zisage kwenye blenda kavu kabisa, kwa vipindi vifupi ili zisipate moto, halafu chekecha kwa kitambaa chepesi. Kitakachobaki kwenye kitambaa rudisha kwenye blenda. Kipimo cha kujua kama zimesagika ni hiki: chukua glasi ya maji, mimina kijiko cha unga, koroga. Maji yakigeuka meupe kama tui jepesi na kubaki hivyo, umefika. Unga ukizama chini na maji yakabaki maangavu, saga tena. Usilipite hili kwa haraka. Chembe nzito ndizo zinazokwaruza, na kukwaruza ndiko tunakokukimbia.

Oti zina saponini, vitu vinavyotoa povu dogo na kubeba mafuta na vumbi bila ukali wa sabuni. Dengu nazo zina saponini. Juu ya hapo oti zina avenanthramidi, ambazo hutuliza mwasho. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliutambua unga laini wa oti kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003, na madaktari wa ngozi huwashauri kuogea oti watu wenye pumu ya ngozi. Nalisema hili kwa wale wanaodhani vitu vya jikoni ni vya kujifariji tu. Kuna vya kujifariji, na kuna vinavyofanya kazi.

Waridi ni anasa, na ukilikosa usihangaike. Lakini tafadhali usilitoe kwenye shada. Mawaridi ya maduka ya maua, yale marefu yasiyonukia, hulimwa kwa dawa za wadudu, na hakuna aliyeyalima akifikiria uso wako. Tafuta waridi la uani, lile dogo lenye harufu kali, lililopandwa na mtu unayemjua. Kausha petali kivulini, si juani, mpaka zivunjike zikiguswa. Mimi nina mche mmoja kwenye ndoo ya rangi, unanitosha kwa mwaka.

Kuhusu maji ya waridi, soma kibandiko. Mengi yanayouzwa ni maji, manukato na rangi. Yaliyo ya kweli kibandiko chake kina mstari mmoja. Nina ndugu Maskati, na akija huniletea chupa ya yale ya Jabal Akhdar, kule milimani Oman ambako mawaridi huchumwa majira ya kuchipua na kukenekwa kwa njia ya zamani. Yana rangi ya chai na harufu ya moshi kidogo, na mara ya kwanza nilidhani yameharibika. Ndiyo harufu ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye mrashi wa bibi siku za maulidi. Yakiwepo nalowesha unga kwayo. Yasipokuwepo, maji ya kunywa yaliyopoa yanatosha kabisa.

Unga uhifadhi kwenye chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko kinachobana. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na masika ndiyo usiseme, kwa hiyo usiweke bafuni. Usichovye kijiko chenye maji wala vidole. Unga wowote unaweza kupata wadudu, na dawa yake ni kuugandisha kwenye friza siku tatu nne kabla ya kuuweka kabatini. Ukiona madonge, rangi imegeuka, au unanuka uvundo, mwaga bila huruma.

Kabla ya kuupaka usoni kwa mara ya kwanza, lowesha kidogo upake nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, suuza, usubiri siku nzima. Kuna watu ambao dengu, oti au asali huwawasha. Kitu kutoka shambani kinaweza kukudhuru kama kilichotoka kiwandani. Ndimu pia ilitoka shambani.

Sasa kunawa kwenyewe. Usiku ndio wakati wake. Asubuhi mimi hunawa kwa maji tu, kwa kuwa nililala kitandani kwangu, sikulala barabarani. Kama umejipaka poda, wanja au mafuta ya kukinga jua, unga peke yake hautayatoa. Mafuta huondolewa na mafuta. Uso ukiwa mkavu, paka matone machache ya mafuta ya alizeti, pitisha vidole taratibu, kisha pangusa kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Najua wengi wetu tutakimbilia mafuta ya nazi, na kwa nywele na mwili siyaachi, lakini kwa uso wenye chunusi huziba vitundu. Mafuta ya zeituni nayo si rafiki kama yanavyosifiwa: utafiti wa Sheffield, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba yalidhoofisha lile paa la ngozi kwa watu waliojaribiwa, ilhali ya alizeti hayakulidhoofisha. Nilifurahi kusoma hivyo. Alizeti inatoka Singida, ni nafuu, na ipo kila jikoni.

Baada ya hapo chota kijiko kimoja cha chai cha unga kiganjani, tia maji kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mwepesi. Ngozi yako ikiwa kavu, ongeza tone la asali halisi. Subiri nusu dakika unga unywe maji, hapo ndipo utelezi unapotokea, na utelezi ndio unaozuia chembe zisikwaruze. Ukiharakisha utajikuna. Paka uso uliolowa, pitisha ncha za vidole kwa miduara, kidole cha pete kikiongoza maana hicho hakina nguvu nyingi. Sekunde 40, usizidi. Usiache ukauke usoni, hiki si kinyago. Suuza mpaka mkono usiteleze, hasa kwenye nywele za paji na pembe za pua. Pangusa kwa kugusagusa. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara mia ni bora kuliko taulo lolote. Uso ukiwa bado na unyevunyevu, weka mafuta yako au losheni isiyo na manukato, ili unyevu ule ubaki ndani.

Nitoe neno juu ya maji. Wengi wa pwani tunanawa kwa maji ya kisima yenye chumvi na chokaa. Sabuni kwenye maji hayo haitoi povu, hugeuka utando mweupe, ule unaouona kwenye beseni, na utando huo hubaki usoni pia. Ukiwa na maji ya aina hiyo, tofauti utakayoiona ukiacha sabuni ni kubwa. Kama unaweza, weka jagi la maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya uso tu. Unahitaji jagi moja, si ndoo.

Alovera ninaitumia ikiwa mbichi, siku ya jua kali. Jani likikatwa lisimamishe kwenye kikombe robo saa, litoke utomvu wa njano, kwa kuwa huo huwasha. Kisha menya, osha ile nyama yake, tumia, kilichobaki tupa. Kahawa na sukari ziache jikoni, na dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Pia sitaki mtu aliyeridhika na chombo cha dukani akitupe kwa sababu yangu. Kama una kinawio kisicho na manukato, kisicholeta povu jingi, na baada ya kunawa husikii kubana, endelea nacho. Unga huu ni kwa asiye nacho, au asiyeweza kukinunua kila mwezi, au anayependa tu kujua kila kilichomo kwenye kiganja chake.

Asubuhi ile pale uani nilimwambia mwanangu akae na uso wake hivyo hivyo mpaka jioni, bila kupaka chochote ila mafuta kidogo. Jioni tulisaga pamoja. Nilimpa glasi ajaribu mwenyewe, na mara ya kwanza unga wake ulizama, ikabidi asage tena na kuchekecha tena, akanuna kidogo. Mara ya pili maji yalibaki meupe. Akainua glasi kwenye taa kuitazama. Alipomaliza kunawa alijipapasa kwa muda mrefu, uso umemkunjamana kwa mashaka.

"Mama mdogo, mbona haubani? Kama sijanawa."

"Umenawa."

Zilichukua siku tano kuacha kushuku. Chunusi hazikuisha, na wala sikumwahidi zitaisha. Kunawa vizuri huacha kuzichokoza, basi. Zake zilikuwa za ndani, ngumu, zenye maumivu, kwa hiyo Januari kabla shule hazijafunguliwa nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Tuna bahati ya kuwa nao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo kilichoanza 1992 kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko huko hutengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Daktari wetu alimtazama, akampa dawa ya kupaka usiku, kisha akauliza ananawa kwa nini. Mwanangu akamweleza kila kitu, mpaka ile glasi ya maji. Daktari akaniangalia mimi, akasema endeleeni, ila asali msitie usiku wa dawa.

Alirudi shule na chupa mbili. Mwezi wa pili alinipigia kwa simu ya matroni, anaongea harakaharaka kama wanavyoongea wenye dakika tatu tu.

"Shikamoo mama mdogo. Unga umekwisha."

"Marahaba. Umekwisha vipi? Ulikuwa wa miezi miwili."

"Tunanawa wanane. Sasa tumechanga tukanunua oti, tumetwanga kwenye kinu cha jikoni, mpishi katuruhusu. Tumechekecha kwa ushungi. Waridi hatuna, dengu hatuna."

"Mmejaribu kwenye glasi?"

"Tumejaribu kwenye kikombe cha bati. Maji yamebaki meupe. Ni sawa?"

"Ni sawa, mwanangu."

"Haya, nampa matroni simu. Na yeye anataka kukuuliza kuhusu madoa."